Ndege Wasio na Jeraha

Jumapili, 3 Februari 1957

Mwalimu Nsengiyumva amesema kila mwanachama aandike tarehe, hali ya anga, kiumbe alichokiona na idadi yake. Basi: mawingu toka alfajiri. Minandi kumi na tisa wamekausha mabawa pale mitumbwi inapofungwa. Nyumba ya Baba imekuwa kubwa mno.

Hilo la mwisho si kiumbe, lakini nimeliandika kwa wino, na sitaki kuchana ukurasa wa kwanza wa daftari jipya.

Niliingiaje katika chama hiki? Mwezi uliopita Mwalimu alikuja barazani kwangu, hapa Mbugangari, akiwa na chandarua mkononi. Alitaka nimshonee vyandarua sita vidogo vyenye mpini vya kunasia vipepeo. Nikamuuliza, akishawanasa anawafanya nini? Akakaa kwenye kiti cha Baba, akanieleza mpaka chai ikapoa. Halafu akaniuliza mimi nimeona vipepeo gani, akanyamaza, akasubiri. Tangu Baba azikwe mwezi wa kumi, watu wananiuliza suruali itakuwa tayari lini. Hakuna mwingine aliyeniuliza kitu akasubiri jibu.

Tuko saba. Mwalimu na wenzake watatu wa shuleni, Bimenyimana mwenye mtumbwi, mke wake Nyirasafari anayeuza samaki sokoni, na mimi. Mwalimu hukiita Serikle, sisi tunakiita chama. Wao wakitoka misa tunatembea ufukweni kuhesabu ndege. Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunaweka meza uwanjani mwa shule, watu waje kuona tulichokusanya. Mwislamu ni mimi peke yangu.

Jumatano, 6 Februari

Mvua. Nimeshona vifungo tu leo.

Jumapili, 10 Februari

Mawingu, kisha jua kali. Korongo wawili. Wangekuwa zaidi, ila Nyirasafari haongei, anapiga kelele. Anasema hakuja kwa sababu ya ndege. "Mi nakuja kuchunga huyu," anasema, akimnyooshea mumewe kidole, "sababu akiona ndege, hatazame tena fasi anakanyaga."

Leo, mbele ya wote, akaniuliza: "Saidati, we hauna hata mutoto moja? Yoo!"

Nikasema sina. Nilikaa miaka tisa kwa mume wangu Swedi kabla hajaniacha, na jibu langu kwa watu ni hilohilo moja. Walimu wakatazama ziwa. Simpendi mwanamke huyu.

Bimenyimana akaniita pembeni kama mtu aliyekumbuka jambo, akanionyesha kwenye matete kiota kidogo kuliko kikombe. "Mama yake anarudi sasa hivi," akanong'ona. "Tusimame tu." Tukasimama. Akarudi kweli. Bimenyimana ndiye anayejua kila ndege analala wapi, kwa kuwa anawaona kutoka majini kila alfajiri akirudi kuvua. Hasemi mengi.

Ijumaa, 15 Februari

Barua ya kaka yangu Abdu kutoka Bukavu. Anasema chumba kipo, watoto wake wananiulizia, nije na cherehani. "Unakaa na nani humo ndani?" ameandika. Sijajibu.

Jumatatu, 18 Februari

Mvua mchana kutwa. Hakuna aliyekuja barazani. Nimehesabu chiriku kwenye ua: sita, halafu wanne.

Jumamosi, 2 Machi

Leo ilikuwa siku ya meza. Watu wengi, hata kutoka Mudende, waliokuja sokoni na viazi vyao. Mimi nilisimamia majani makavu. Bibi mmoja aliyejifunga kitenge cha rangi ya udongo akanitajia jani ambalo hata Mwalimu hakulijua, akaeleza linavyochemshwa kwa kifua cha mtoto. Nikaandika yote. Mwisho wa siku Mwalimu akasoma mbele ya watu: "Kwa maelezo yaliyochukuliwa na Saidati binti Rajabu."

Nimerudi nyumbani nikajisomea mwenyewe kwa sauti. Halafu nikaona aibu, nikawasha moto.

Jumapili, 10 Machi

Leo tumeona jambo.

Hatukwenda ziwani. Tulipanda nyuma ya kilima cha Rubavu, pale mawe meusi ya mlima wa moto yanapoanza. Kuna shimo pale, pana kama bakuli, kina chake mtu mmoja na nusu, na chini majani yameota mabichi kuliko pengine popote. Juu ya majani hayo walilala chozi watatu, wale ndege wadogo wanaonyonya maua, na njiwa mmoja. Wamekufa. Mwalimu akashuka akawaokota, akawageuzageuza. Hakuna damu, hakuna unyoya uliovunjika. Wamelala tu.

"Tazameni!" akasema. "Hata bunduki haingetupa ndege wazima namna hii."

Nyirasafari alikuwa amesimama mbali, kikapu kichwani. "Mwalimu, toka mule."

"Kuna nini, mama?"

"Iko mazuku mule. Upepo mubaya. Inalala chini sawa maji, haina harufu, hauione. Mbuzi ya shangazi yangu ilikufia fasi ile, haikukuwa na kidonda hata moja."

Ilikuwa saa sita mchana, jua linawaka na upepo unavuma mpaka kofia ya Mwalimu ikaruka. Alikuwa amesimama shimoni muda wote huo na hakupatwa na lolote. Akafungua mikono yake. "Bon, mama. Upepo mbaya uko wapi? Mimi si mbuzi."

Walimu wakacheka. Bimenyimana hakucheka, alimtazama mkewe. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu ya lile swali lake la mwezi uliopita.

Jumapili, 17 Machi

Mvua ya usiku, asubuhi kimya. Shimoni: ndege watano, panya mmoja, nyoka mwembamba wa kijani.

Mwalimu ana habari kubwa. Jumapili ya tarehe 28 Aprili atakuja mgeni kutoka Usumbura, mtu wa serikali anayependa mambo haya, atazame meza yetu. Mwalimu anataka aina arobaini. Akauliza nani anaweza kupita shimoni asubuhi za katikati ya juma, kabla kunguru hawajawala. Kutoka kwangu ni mwendo wa nusu saa. Nikasema mimi.

"Nilijua," akasema.

Jumanne, 19 Machi

Mvua usiku, asubuhi hakuna upepo. Chozi wawili, nguchiro mmoja. Nimeshona mifuko kumi ya kitambaa cha marekani ya kuwabebea.

Alhamisi, 21 Machi

Upepo. Shimo tupu.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua usiku, ukungu asubuhi, kimya kabisa. Ndege wanane.

Jumatatu, 25 Machi

Upepo. Hakuna.

Nimelinganisha kurasa zangu. Siku za upepo shimo huwa tupu. Siku za kimya baada ya mvua huwa limejaa. Nilimwonyesha Mwalimu. "Saidati," akasema, "ungesoma, ungekuwa mtu mkubwa." Sikujua nifurahi au nihuzunike. Nilifurahi.

Alhamisi, 28 Machi

Naandika haya nimekaa kitandani. Ni mchana, na cherehani sijaigusa.

Usiku ilinyesha. Nimefika shimoni jua halijatoka, hakuna jani lililotikisika. Chini kabisa, kwenye majani, nikaona mdiria wa bluu, yule mvuvi mdogo wa samaki. Sijui alifuata nini mbali na maji. Aina hiyo hatuna. Nikashuka. Nikiwa nimesimama sikusikia kitu. Nikainama kumwokota, na hapo nikavuta pumzi, na pumzi ikaja lakini haikuwa na kitu ndani yake. Sijui kuandika vizuri zaidi ya hivyo. Ilikuwa kama kunywa kikombe ukakuta hakina maji. Moyo ukaanza kwenda mbio. Masikio yakavuma. Magoti yakalegea na nikaona majani yale yanakuja usoni kwangu, na ubichi wake ulikuwa mzuri, nikataka kulala.

Kilichoniokoa ni kanga yangu. Ilikuwa imenasa kwenye jiwe juu yangu, na nilipoanguka ikanivuta shingo, nikakasirika. Kwa hasira hiyo nikapanda kwa mikono na magoti. Juu nikatapika. Nilikaa pale mpaka jua lilipotoka.

Mdiria nilikuwa naye mkononi. Sikumwachia.

Mwalimu akijua, atasema nisiende tena. Nikiacha kwenda nitakuwa tena fundi wa suruali anayetembea nyuma ya walimu. Na Nyirasafari atasema mbele ya wote kwamba alituambia. Sitasema.

Jumapili, 31 Machi

Mwalimu amewasomea wote hesabu zangu. Mdiria amepita mkono kwa mkono.

Nyirasafari akanitazama usoni, bila kelele safari hii. "We Saidati, unashuka mule kila asubui? Hausikie kitu mu mwili?"

"Sisikii kitu," nikasema.

"Kweli?"

"Kweli."

Jumanne, 2 Aprili

Mwezi wa Ramadhani umeandama. Mwalimu amepita kuuliza kama wiki hii nitakwenda shimoni. Nilikuwa nimelitayarisha jibu tangu Ijumaa. Nikasema funga inanichosha, njia ni ya kupanda.

"Usijali," akasema. "Nitamwomba Bimenyimana. Akitoka ziwani asubuhi anaweza kupita."

Nilikuwa na sindano mdomoni. Nikaitoa. Ilikuwa nafasi ya kusema. Nikamuuliza kama koti lake halimbani mabegani.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimefuturu uji na kiazi kitamu. Zamani Baba alikuwa akinisukumia kipande kikubwa, nami namrudishia, mpaka chakula kinapoa. Leo nimekula kikiwa moto.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua usiku, kimya asubuhi. Bimenyimana amepita barazani kuchukua mifuko zaidi. Amepata ndege sita. Alicheka akasema Mwalimu atamfanya profesa. Halafu akasugua kipaji cha uso.

"Kichwa inaniuma kidogo," akasema. "Pengine ni baridi ya maji."

Nilimpa kiti. Nikamwambia apumzike. Alikaa akatazama chiriku uani mwangu, akanionyesha yule mwenye mguu mmoja ambaye mimi sikuwahi kumwona kwa wiki zote nilizowahesabu. Akainuka, akaaga kwa adabu kama kawaida yake, akaenda.

Nimwambie nini zaidi? Nilimwambia apumzike.

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua.

Jumapili, 14 Aprili

Sikwenda. Nimesema ni funga.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Aina thelathini na saba, Mwalimu amenipigia kelele kutoka barabarani akiwa juu ya baiskeli. Bado tatu.

Jumatano, 17 Aprili

Bimenyimana amekufa.

Nilikuwa nakata kitambaa niliposikia watu wanakimbia. Sikuuliza wanakwenda wapi. Nilitangulia.

Nyirasafari ndiye aliyemwona. Alimngoja ufukweni achukue samaki kwenda sokoni, akaona mtumbwi umefungwa na mtu hayupo, akajua. Nilipofika shimoni, wanaume wawili walikuwa wamemshika mikono asishuke. Alikuwa hapigi kelele. Mwanamke yule, siku zote nilizomjua sijasikia kimya chake, na leo alikuwa akivutana na wanaume wale bila sauti, miguu ikichimba udongo.

Bimenyimana alilala chini kwa ubavu, magoti yamekunjwa kama mtu anayesikia baridi, mfuko wangu wa marekani chini ya kwapa. Walimvuta kwa kamba na upondo wa mtumbwi wake mwenyewe. Mwanamume aliyeshuka kumfunga kamba alipanda akiyumba, akaanguka kwenye majani, ikabidi wampepee. Mfukoni mlikuwa na ndege wawili.

Nikamtazama mikono, uso, shingo. Hakuwa na jeraha.

Alhamisi, 18 Aprili

Mazishi. Mvua ilingoja mpaka tulipomaliza. Mwalimu alisema maneno machache kaburini. Alisema moyo wa ndugu yetu ulikuwa umechoka kwa kazi ya majini, ukasimama. Watu wakaitikia kwa vichwa. Walimu wenzake wakaitikia.

Nami nilisimama nyuma nikasikia jinsi ilivyokuwa rahisi. Moyo umesimama. Hakuna mwenye kosa.

Jumapili, 21 Aprili

Pasaka yao. Mwalimu alikuja mchana, akiwa na kikapu chenye madaftari ya wanachama. Anayakusanya. Mgeni wa Usumbura haji tena, lakini mkuu wa shule ameuliza chama kilikuwa kinafanya nini pale.

"Nipe na lako," akasema. "Nitayatunza."

"Utayatunza au utayachoma?"

Akaweka kikapu chini. Amekonda kwa siku nne. Akakaa kwenye kiti cha Baba, na kwa mara ya kwanza nikatamani asikae pale.

"Mimi nilisimama mle shimoni saa sita mchana," akasema. "Wote mliniona. Sikusikia kitu. Ningejuaje, Saidati?"

"Nyirasafari alikuambia."

"Hadithi za mbuzi!"

"Alikuambia, Mwalimu. Na mimi nilijua."

Nikamweleza siku ya mdiria, yote, mpaka kanga. Nikamwambia jinsi nilivyosema funga inanichosha. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Alipokiinua nikaona usoni mwake kitu ambacho sitakisahau. Alikuwa amepumua. Alikuwa kama mtu aliyebeba mzigo peke yake njia yote, mara akaona mwenzake anashika upande wa pili.

"Basi usimwambie mtu," akasema kwa upole. "Ni kwa faida yako. Mimi sitasema."

Sauti ileile aliyoniulizia kuhusu vipepeo. Nilisubiri miezi kadhaa mtu aje kukaa karibu nami namna hiyo, na sasa amekuja, na nilitaka aondoke.

Daftari sikumpa.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Uzi unakatika.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Nimefumua mkono wa koti mara tatu.

Alhamisi, 25 Aprili

Leo nimekwenda kwa Nyirasafari.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake wa samaki, kama kumi hivi, miguu imenyooshwa. Nikapiga magoti mlangoni. Nikamwomba tutoke nje, nina neno.

"Semea hapa," akasema.

Nikasema hapo. Nilisema kwa ufupi, kwa sababu nilijua nikirefusha nitaanza kujitetea. Nilisema nilianguka shimoni kabla ya mumewe, nikajua, nikanyamaza. Nilisema aliyetakiwa kwenda ni mimi. Nilisema alikuja kwangu na maumivu ya kichwa nikampa kiti.

Nyirasafari alitazama mikono yake.

"Ilikuwa siku gani?"

"Tarehe ishirini na nane, mwezi wa tatu."

Akahesabu kwa vidole, polepole, midomo ikicheza. Alirudia mara mbili. "Siku makumi mbili," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuuliza. Mbele ya batu bote, nilikuuliza mara mbili."

"Uliniuliza."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, si kwa swali. Nikasema kweli. Nikasema niliogopa kurudi kukaa peke yangu.

Alinitazama. Sijui aliona nini. "Ona sasa," akasema, "na mi niko peke yangu." Halafu: "Toka."

Nilipoinuka, wanawake wakakunja miguu kunipisha, kama mtu anavyompisha aliyebeba maji ya moto.

Jumamosi, 27 Aprili

Habari imefika sokoni. Hakuna aliyeleta nguo. Wawili wamekuja kuchukua za kwao ambazo hazijaisha.

Jumatano, 1 Mei

Idi. Nimevaa gauni jipya nililolishona mwenyewe. Jirani mmoja ameacha sahani ya wali kizingitini, akaenda kabla sijafungua mlango. Mwalimu ameomba uhamisho, wanasema amekwishaondoka. Meza ya chama iko nje ya darasa, imelowa. Nimemwandikia Abdu kwamba nakuja.

Jumatatu, 6 Mei

Nilikuwa nafunga cherehani kwa gunia na kamba, gari la Bukavu linaondoka Alhamisi. Mukarugwiza, jirani yangu wa upande wa kisima, akapita akizungumza na mwenzake. Sikuhitaji kusikiliza, walisimama karibu na ua. Jana mama mmoja wa Rubavu aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe ametolewa shimoni hajitambui. Si shimo lile, ni jingine. Amepona. Hakuna aliyemwambia kwamba yapo mengine.

Nikakaa juu ya gunia. Madaftari ya chama yamekwenda na Mwalimu, lakini langu ninalo. Siku za kimya baada ya mvua. Najua jambo hili, na Alhamisi litapanda gari pamoja nami liende Bukavu.

Nikafungua kamba.

Jumanne, 7 Mei

Nimechukua ndoo ya chokaa iliyobaki Baba alipopaka nyumba, brashi, taa ya chemli na kamba ndefu. Nimeteremsha taa shimoni kwa kamba. Ilipofika kimo cha kiuno, mwali ukapungua. Ilipofika kimo cha goti, ukazimika, kama mtu ameufunika kwa kiganja. Nimevuta, nimewasha, nimeteremsha tena. Mara tano.

Nimepaka chokaa mawe yote ya ukingo, duara zima. Yanaonekana kutoka mbali.

Alhamisi, 9 Mei

Gari la Bukavu limekwenda. Nimepata lile shimo la mama wa majani, nimelipaka. Watu wananitazama wakiwa mashambani, hawaniulizi. Mengine siyajui yako wapi. Majani yamefunika kila kitu.

Jumapili, 12 Mei

Mawingu, mvua kidogo asubuhi. Nilikuwa nimepiga magoti nachanganya chokaa nikahisi mtu. Nyirasafari amesimama juu ya mawe, amejifunga nguo nyeusi, bila kikapu.

Sikuinuka. Nilifikiri amekuja kunipiga na niliona ni haki yake.

"Iko ingine kule," akasema, "nyuma ya migomba ya shangazi yangu. Peke yako hautaiona." Akaanza kutembea.

Nilibeba ndoo nikamfuata. Njia nzima hakugeuka. Tulipofika akanionyesha kwa mguu. Nikateremsha taa, ikazimika. Akaitazama ile taa iliyozimika kwa muda.

"Shangazi anatembeaka na kijinga cha moto," akasema. "Kikizimika, anarudi. Mi nilijua ile. Nilimuambia Bimenyimana. Ananijibu, Mwalimu ni mutu wa masomo." Akafuta pua kwa mkono. "Usizani nimekuja juu yako."

"Sidhani."

"Bon. Paka."

Jumatano, 15 Mei

Mashimo mawili. Hatukuzungumza.

Jumapili, 19 Mei

Amekuja baada ya misa. Shimo moja, kubwa, ndani yake mbuzi wawili. Safari hii alishika kamba yeye.

Jumatano, 22 Mei

Upepo. Mvua zinakwisha. Leo alinikaripia kwamba nakoroga chokaa kama uji wa mgonjwa. Sauti yake ilifika mpaka bondeni, ndege wakaruka. Nimeshangaa jinsi nilivyofurahi kuisikia. Aliponyamaza tena, tulinyamaza mpaka jioni.

Jumapili, 26 Mei

Tumefika mashimo tisa. Chokaa imekwisha. Amesema anamjua mtu anayeiuza.

Jumapili, 2 Juni

Jua. Vumbi la kwanza la kiangazi.

Leo tulikuwa kwenye shimo la kumi, mbali, ambako hatujulikani. Wanawake wanne wa huko walikuwa wametoka kukata majani, mafungu yao yako tayari kichwani. Walisimama wakatutazama tukipaka mpaka duara likakutana. Mkubwa wao akauliza kwa Kinyarwanda mawe haya meupe wanayoyaona kila mahali ni ya nani, ni ya serikali?

Nyirasafari akanyoosha mgongo. Akawaeleza, kwa sauti yake yote, kuhusu upepo unaolala chini, siku za kimya baada ya mvua, moto unaozimika. Hakumtaja mumewe. Akawaambia popote waonapo duara jeupe wasishuke, hata kama mbuzi amelia mle ndani, na wakawaambie wengine.

"Lakini ni nani aliyewatuma?" akauliza yule mama.

"Ni chama," akasema Nyirasafari.

"Chama cha nani?"

Akafuta chokaa mikononi kwa nguo yake nyeusi. Sikuthubutu kumtazama, nilitazama brashi.

"Changu na huyu," akasema.

Hakutaja jina langu, wala hakugeuka. Alichukua taa akatangulia kuteremka, na mimi nikabeba ndoo.